Utando wa plastiki kwa wanga wa muhogo: ukiwa na glisirini unanata, ukipunguza unavunjika. Nirekebishe nini?

Pwani_Maabara aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Natengeneza plastiki inayooza kwa wanga wa muhogo. Lengo la kwanza ni vifuko vya bidhaa kavu kama karanga na viungo, la pili ni viriba vya miche. Niko Tanga. Kipimo ni kile kilichozagaa mitandaoni: wanga kijiko kikubwa 1, maji vijiko vikubwa 4, siki kijiko cha chai 1, glisirini (kilainishi) kijiko cha chai 1. Nakoroga, napika hadi uji uwe mzito, namwaga juu ya kioo, naanika juani.

Kinachonisumbua: utando unatoka na vipovu na chengachenga nyeupe. Kingo zinajikunja na katikati panapasuka kabla haujakauka vizuri. Wakati wa masika unanata mikononi, na ukikaa kwenye trei siku tatu unaota ukungu. Nikipunguza glisirini hadi robo ya kijiko, hapa pwani unakuwa mzuri kabisa, lakini sampuli hizohizo zikifika Dodoma zinakatika ukizikunja. Na kubwa kuliko yote, kipimo kilekile, mapishi mawili tofauti, matokeo hayafanani.

Maswali: kiwango sahihi cha glisirini ni kipi? Siki ina kazi gani hasa? Na nifanye nini usilowe ukiguswa na maji?

---

Mizani_Kwanza alijibu:

Mkuu, anza kwa kuachana na vijiko. Kijiko kikubwa cha wanga kikiwa sawasawa na ukingo ni kama gramu 8 au 9, kikiwa na kilima ni gramu 14 na zaidi. Glisirini nayo ni nzito kuliko maji: mililita moja ina gramu 1.26, hivyo kijiko cha chai cha mililita 5 ni gramu 6.3. Sasa piga hesabu. Gramu 6.3 kwa wanga gramu 9 ni asilimia 70. Kwa wanga gramu 14 ni asilimia 45. Yaani kipimo kimoja kinakupa vitu viwili tofauti kabisa, na vyote viwili vina glisirini nyingi mno kwa pwani. Utando wa wanga unafanya kazi vizuri glisirini ikiwa kati ya asilimia 20 na 40 ya uzito wa wanga mkavu. Chini ya hapo unavunjika, juu ya hapo glisirini inatokeza juu ya utando na kuvuta maji ya hewani, ndiyo huo mnato.

Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Anza na hiki: wanga gramu 5, maji gramu 100, glisirini gramu 1.5. Utaona maji ni mengi kuliko ulivyozoea. Ni makusudi. Uji wa wanga gramu 9 kwa maji mililita 60 ni mzito mno, haujisambazi wenyewe, na kila povu linaloingia linabaki humohumo. Uji wa asilimia 5 unamiminika, unajilaza sawa, na vipovu vinapanda juu vyenyewe ukiuacha utulie dakika tano kabla ya kumimina.

Kabla ya kupima lolote, kagua malighafi zako mbili.

Glisirini: ya maduka ya vipodozi mara nyingi imechanganywa maji. Pima mililita 100. Ikiwa safi itakuwa na uzito wa karibu gramu 126. Ukipata kama 113, nusu yake ni maji. Chupa mbili za maduka mawili zinatosha kabisa kueleza kwa nini mapishi yako hayafanani. Na usijaribiwe kutumia maji ya rejeta kwa sababu yanafanana kwa mnato: mengi yana ethilini glaikoli, ambayo ni sumu.

Wanga: hakikisha ni wanga, siyo unga wa muhogo. Unga wa makopa una nyuzinyuzi, nazo ndizo sehemu ya chenga unazoziona. Wanga wenyewe unapatikana hivi: menya, osha, paraza, changanya na maji mengi, kamua kwa kitambaa safi cha pamba, acha maji yatulie saa nne hadi sita, mwaga ya juu, ongeza maji safi, rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu. Anika kwa tabaka jembamba. Maji ya kwanza yana sianidi ya muhogo, hasa ukitumia muhogo mchungu, kwa hiyo yasimwagwe mahali mbuzi na kuku wanapokunywa.

Wanga uliokaushwa nyumbani unaweza kubaki na maji asilimia 15 au zaidi. Kausha sampuli ya gramu 10 kwenye oveni ya nyuzi joto 105 mpaka uzito usishuke tena. Ikibaki gramu 8.5, basi kila "gramu 5" zako kwa kweli ni 4.25, na hesabu ya glisirini ifuate hiyo.

---

Nyuzi85 alijibu:

Naongezea kwenye kupika, maana hapo ndipo chengachenga nyeupe nyingi zinapozaliwa.

Wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ukifika 70 uji unakuwa mzito na kuanza kuwa mwangavu. Wengi huepua hapo. Lakini uji kuwa mzito maana yake ni kwamba chembe zimevimba tu, hazijafunguka zote. Zile ambazo hazijafunguka zinakauka zikiwa doa jeupe, na kila doa ni mahali utando utakapoanzia kuchanika. Endelea hadi nyuzi 85 au 90 na ushikilie hapo dakika 10, ukikoroga taratibu kwa mwiko bapa. Usitumie mchapo wa mayai, unaingiza hewa.

Tumia sufuria mbili, ya ndani ikielea kwenye maji yanayochemka. Moto wa moja kwa moja unaunguza chini wakati juu bado kubichi. Na koroga wanga kwenye maji baridi kwanza. Ukiumwaga kwenye maji moto unapata madonge ambayo hata ukipika mpaka jioni hayaishi.

Kosa lingine lisiloonekana ni mvuke. Pima sufuria pamoja na uji kabla ya kupika, upime tena ukiepua. Kama ulianza na gramu 480 na sasa ni 458, ongeza maji ya moto gramu 22 ukoroge. Usipofanya hivyo, pishi la leo lina maji 78 na la kesho lina 90, na unene wa utando unabadilika nayo.

Sasa trei. Kioo hakifai, wanga ukikauka unaking'ang'ania, hasa glisirini ikiwa kidogo. Kupaka mafuta kunaacha mabaka na mashimo. Tumia trei ya plastiki ngumu ya polipropilini, ile ya vyombo vya chakula, au mkeka wa silikoni wenye ukingo. Trei iwekwe sawa kwa pimamaji ya fundi, na hili si pambo. Gramu 106 za uji kwenye trei ya sentimita 20 kwa 26 zinakuwa na kina cha milimita 2 tu. Upande mmoja ukiinama milimita moja, utakauka na unene zaidi ya mara moja na nusu ya upande wa pili. Ikiwa sawa, utapata utando wa karibu milimita 0.1, unene unaofaa kwa kifuko.

Jua kali liache kwa nguo. Juu kunakauka na kufanya ngozi, chini kuna maji bado, ngozi ya juu inasinyaa na kuvuta, hapo ndipo kingo zinapojikunja na katikati panapopasuka. Kausha kivulini penye hewa inayotembea, saa 24 hadi 48, ukifunika kwa chandarua kwa ajili ya vumbi na sisimizi. Masika tumia sanduku la mbao lenye balbu ya kizamani ya wati 60 na matundu juu na chini, joto lisipite nyuzi 50. Hapo unakauka kwa saa nane hivi na ukungu haupati nafasi. Bandua utando ungali na unyevu kidogo, ukianzia pembeni kwa wembe, kisha ulaze katikati ya magazeti chini ya kitabu kizito usiku kucha.

---

Pwani_Maabara:

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya asilimia 70 imenifungua macho. Sasa hiyo asilimia 30, itakaa vizuri Tanga na Dodoma kwa pamoja? Na siki?

---

Mizani_Kwanza:

Haitakaa sawasawa kote, na hakuna kipimo kimoja kitakachokupa hilo. Maji yenyewe ni kilainishi cha wanga kama ilivyo glisirini. Pwani hewa ina maji mengi, kwa hiyo utando wako wa glisirini kidogo ulikuwa unalainishwa na bahari. Ulipofika Dodoma kiangazi, maji yakatoka, ikabaki glisirini kidogo tu. Kwa hiyo ukitaja kipimo bila kutaja unyevu wa hewa hujataja kitu.

Tengeneza sanduku la kuzoesha sampuli. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, weka kibakuli cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa iwe kama tope, chumvi yenyewe ionekane na isiyeyuke yote. Hewa ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi, kama pwani. Chombo cha pili weka tope la magnesi kloridi kutoka duka la kemikali, hilo linakupa asilimia 33, karibu na bara wakati wa kiangazi. Sampuli zining'inie humo saa 48 kabla ya kupimwa.

Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Wanga 5, maji 100, trei ileile, joto lilelile, glisirini asilimia 20, 25, 30, 35, 40. Kila kiwango trei tatu, maana trei moja inaweza kukudanganya. Kila trei kata vipande viwili viwili, kimoja kwa kila sanduku. Andika kila kitu, hata duka uliponunua glisirini.

Kupima nguvu hakuhitaji mashine. Kata ukanda wa upana wa milimita 15 kwa wembe mpya na rula ya chuma, usitumie mkasi, unaacha vijipasuko pembeni. Bana juu na chini kwa vibanio vilivyowekewa raba, tundika chupa tupu, mimina maji polepole hadi ukatike, kisha pima chupa pamoja na maji yake. Mfano: ukanda wa milimita 15 wenye unene wa 0.1 una eneo la milimita za mraba 1.5. Ukikatika kwenye kilo 0.9, hiyo ni nyutoni 8.8, gawanya kwa 1.5 unapata megapaskali 5.9. Ukikatikia kwenye kibanio, matokeo hayo tupa. Unene pima sehemu tano za ukanda kwa maikromita.

---

Mwl_Kemia alijibu:

Kuhusu siki, watu huipa sifa zaidi ya inavyostahili. Wanga una molekuli za aina mbili: amilosi yenye minyororo iliyonyooka, na amilopektini yenye matawi. Minyororo iliyonyooka hulala pamoja na kufanya utando imara, matawi huzuia. Asidi hukata baadhi ya matawi, ndiyo kazi yake. Lakini siki ya asilimia 5 ni asidi dhaifu, na kwa dakika 10 za moto inakata kidogo sana. Utando wa muhogo unajitengeneza hata bila siki. Jaribu trei moja nayo na nyingine bila, hutaona tofauti kubwa zaidi ya harufu.

Maabara za shule hutumia asidi ya hidrokloriki, na hiyo inafanya kazi kweli: wanga gramu 2.5, maji mililita 25, asidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) mililita 3, glisirini ya asilimia 50 mililita 2, pika dakika 15, kisha ua asidi kwa sodiamu hidroksidi ya 0.1 M mpaka karatasi ya litmasi isionyeshe asidi. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka. Siki nyingi huondoka na mvuke wakati wa kukauka, hidrokloriki iliyobaki inaendelea kukata minyororo ndani ya utando kila maji yanavyopungua. Utando mzuri wa Jumatatu unakuwa wa kuvunjika wiki ijayo. Tafadhali, miwani na glavu.

Jambo ambalo halijaguswa: wanga uliopikwa hujipanga upya taratibu na kukakamaa, ndicho kinachofanya ugali wa jana uwe mgumu. Amilosi hujipanga ndani ya saa chache, amilopektini kwa siku na wiki. Glisirini inapunguza mwendo, haizuii. Kwa hiyo kipimo cha siku ya pili peke yake hakina maana, pima tena siku ya 14.

Na kama unataka utando mgumu zaidi, changanya nusu muhogo nusu wanga wa mahindi, ule unaouzwa kama kornfloa, siyo sembe. Mahindi yana amilosi asilimia 25 hadi 28, muhogo 17 hadi 20. Utapoteza uangavu kidogo.

---

Nyuzi85:

Mwalimu, kwenye siki nakubali kwa utando wa uji mwepesi. Ila kwa anayepika uji mzito wa kusukuma kwenye kalibu ya umbo, siki kidogo inapunguza uzito wa uji na kurahisisha kumimina. Si uimara, ni urahisi wa kazi tu.

---

Mwl_Kemia:

Hapo sawa.

---

Mizani_Kwanza:

Kuhusu maji. Utando wa wanga mtupu ukilowa unavimba na kusambaratika, hakuna kiungo cha jikoni kinachoondoa hilo. Kuna njia mbili za kupunguza.

Ya kwanza nta ya nyuki. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ipashe hadi 75 au 80 kwenye sufuria ya maji, pasha na utando wenyewe kwa hewa ya moto ili nta isigande mabonge, paka kwa brashi tabaka mbili jembamba. Ukikunja utando nta inapata nyufa, kwa hiyo kunja kwanza, paka baadaye. Nta ya mishumaa ni parafini, zao la petroli, inaharibu maana ya kazi yote.

Ya pili asidi ya sitriki, ile ya unga ya viwanda vya juisi, asilimia 10 ya wanga. Wengi huiweka kwenye uji na kusubiri muujiza. Inaunganisha minyororo pale tu utando uliokauka unapookwa juu ya nyuzi 100, kwa mfano 120 kwa dakika 10 hadi 15. Bila kuoka inabaki kilainishi tu na inakata minyororo. Ukioka sana unageuka njano na kukatika. Hata ukifaulu, utando unavimba polepole zaidi, basi, hauwi nailoni.

Sasa karanga. Hapa sikushauri. Utando wa wanga mkavu unazuia mafuta na oksijeni vizuri, ila mvuke wa maji unapita. Karanga zikivuta unyevu zinaleta sumukuvu. Viungo vilivyosagwa vitaganda madonge, lakini angalau kwa mauzo ya siku chache inawezekana. Binafsi ningeanza na sabuni za mche, vifuko vya mbegu, vitu visivyoliwa.

Na kabla ya kuuza mifuko: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mkaguzi hatajua wako ni muhogo kwa kuutazama. Usiandike "inaoza" kwa sababu tu ulifukia kipande bustanini kikapotea. Kupotea si kuoza. Kiwango cha Ulaya EN 13432, kwa mfano, kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke kuwa kaboni dioksidi ndani ya miezi 6 kwenye mboji ya kiwanda. Zungumza na TBS, shirika la viwango Tanzania, mapema wakueleze wanachotaka.

---

Bustani_Limuru alijibu:

Hamjambo. Nachangia upande wa viriba pekee.

Utando wa milimita 0.1 kwenye kitalu ni bure. Ukimwagilia asubuhi na jioni, utakuwa uji kabla mbegu haijachipua. Miche ya miti hukaa kitaluni miezi mitatu hadi sita, wanga hautafika huko hata ukipakwa nta. Lenga mboga: nyanya, sukuma wiki, kabichi, wiki tatu hadi tano.

Na usitumie utando, tumia kikombe cha nyuzi. Uko Tanga, mabaki ya mkonge yamejaa. Katakata nyuzi urefu wa milimita 5 hadi 10, ndefu zaidi zinajisokota vifundo. Changanya na magazeti yaliyolowekwa usiku na kupondwa, jumla gramu 100 zikiwa kavu. Pika wanga gramu 25 kwenye maji mililita 300, changanya ungali moto kiasi cha mkono kuvumilia. Glisirini usiweke kabisa, hapa ulaini hauhitajiki na itavuta maji tu. Bana kati ya vikombe viwili vya plastiki, cha nje kikiwa na matundu ya kutoa maji, unene milimita 3 hadi 4. Ukibana kidogo maji yanabaki katikati na ukuta unaachana tabaka mbili. Kausha kwenye nyuzi 50 hadi 60 mpaka ugonge usikie mlio mkavu. Paka nta nje tu, theluthi mbili kutoka chini. Ndani acha wazi mizizi ipenye.

Ukungu mweupe juu ya kikombe usikutishe, kwa kawaida hauli mche. Usiweke sodiamu benzoeti kuuzuia, kitu kisichoozeshwa na ukungu kitaozeshwa na nini shambani?

Kitakachokusumbua ni miche kuwa njano kuanzia wiki ya pili. Vijidudu vinavyokula wanga na karatasi vinachukua naitrojeni ya udongo, mche unabaki na njaa. Mwagilia urea kijiko cha chai kimoja kwenye lita 10 za maji mara moja kwa wiki, kuanzia majani mawili ya kweli yakitoka, kisha suuza majani kwa maji matupu. Wakati wa kupandikiza, chana kitako cha kikombe na ukizike chote hadi ukingo. Ukingo ukibaki juu ya ardhi unafyonza maji kutoka kwenye mizizi na kuyapeleka hewani.